Uwanja wa San Francisco: Lango Zuri Lenye Orodha ya Siri

Uwanja wa ndege wa San Francisco uko ukingoni mwa ghuba, kusini mwa mji, umbali wa kilomita 20 hivi. Njia zake za kurukia zimeingia majini, hata abiria aliyekaa dirishani hudhani ndege yashukia baharini, mpaka magurudumu yaguse ardhi. Jengo la safari za nje, lililofunguliwa mwaka 2000, limeezekwa paa lililotanda mfano wa mbawa. Uwanja huu una makumbusho yake, na chumba tulivu ambamo msafiri wa dini yoyote aweza kukaa akamkumbuka Mola wake. Apitaye mara ya kwanza haoni ila uzuri na utaratibu.

Lakini mahali hapa pana habari zake, nasi Waislamu, ambao watoto wetu huvuka bahari kutafuta elimu, yatupasa kuzijua.

Agosti 2002, wanawake wawili, Rebecca Gordon na Jan Adams, walifika hapa kusafiri kwenda Boston. Hawakuwa Waislamu wala wahalifu. Walikuwa wakichapisha gazeti la kupinga vita. Kwenye kaunta wakaambiwa majina yao yameonekana katika orodha, polisi wakaitwa. Waliruhusiwa kusafiri baada ya kukaguliwa upya, lakini hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Nyaraka zilizotolewa katika kesi hiyo zilionyesha kuwa katika uwanja huu peke yake abiria 339 walisimamishwa au kuhojiwa kwa sababu ya orodha, kati ya Septemba 2001 na Aprili 2003. Maafisa wenyewe walikiri katika maandishi yao kwamba vigezo vya kumtia mtu orodhani havikuwa kanuni thabiti, bali vilitegemea maoni ya mtu. Hapo ndipo penye hatari, kwani asiyependa maoni yako akiachiwa kalamu, hushindwa kutofautisha mpinzani na adui.

Hatusemi kwamba ulinzi hauna maana. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliua watu wapatao 3,000, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Kila abiria, awe na hijabu au asiwe nayo, anataka kufika salama. Neno letu ni juu ya orodha iliyokuwa na majina yasiyofika 20 kabla ya siku ile, ikafikia majina yapatayo 81,000 mwaka 2016, na ambayo aliyemo huijua siku anapozuiwa mlangoni.

Aliyeonja uchungu huo ni Dkt. Rahinah Ibrahim wa Malaysia, mama wa watoto, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Tarehe 2 Januari 2005 alifika katika uwanja huu pamoja na binti yake wa miaka 14. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, naye ameomba kiti cha magurudumu. Badala ya kiti alipata pingu, akawekwa mahabusu kwa muda wa saa mbili hivi. Kesho yake aliruhusiwa kuondoka kwenda kwao. Alipotaka kurudi, viza yake ikawa imefutwa. Alidai haki yake mahakamani kwa miaka minane, na ushahidi wake ulirekodiwa London kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia Marekani. Hukumu ya Jaji William Alsup, mwaka 2014, ilifichua sababu: afisa mmoja wa FBI alijaza fomu kinyume na maelekezo yake, akatia alama pasipotakiwa. Serikali ilikubali kwamba mama huyu hakuwa tishio, lakini kabla ya hapo ilitumia miaka mingi kutetea siri ya kosa hilo.

Wengine hawakukosewa kwa kalamu. Wanaume Waislamu walidai kwamba waliingizwa orodhani kwa sababu walikataa kuwapeleleza Waislamu wenzao kwa niaba ya FBI. Desemba 2020, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kuwa sheria inawaruhusu kudai fidia kwa maafisa wenyewe. Na tusisahau kuwa Nelson Mandela, ambaye Dar es Salaam ilimpokea mwaka 1962 akitafuta msaada wa ukombozi, jina lake lilibaki katika orodha ya Marekani ya watu wa kuangaliwa hadi Julai 2008, amekaribia kutimiza miaka 90.

Hata hivyo uwanja huu umeshuhudia na mema. Tarehe 28 Januari 2017, siku moja baada ya amri ya kuwazuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, zikiwamo Somalia na Sudan, umati ulijaa katika jengo la safari za nje kupinga. Mawakili walijitolea kuwasaidia wasafiri na jamaa zao. Wengi wa waliosimama pale hawakuwa wa dini yetu.

Basi mzazi amwagaye mwanawe ampe na wasia huu. Jina katika tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, kwa maana Mohamed na Muhammad kwa kompyuta ni watu wawili, na majina yetu hufanana mno. Akisumbuliwa mara kwa mara katika safari za Marekani, awasilishe malalamiko katika mpango wa usuluhishi wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya nchi hiyo, apewe namba ya kutumia anaponunua tiketi. Ahifadhi kila karatasi, kwani Dkt. Rahinah alishinda kwa subira na kwa ushahidi.

Dini yetu imetukataza kumdhania mtu ubaya bila hoja. Katazo hilo latuhusu sisi majumbani na misikitini mwetu, kama linavyowahusu wenye kushika orodha.