Mchuzi wa Kijapani na Usiku Wake

Wajapani wana chakula kimoja kinachopikwa karibu katika kila nyumba yao, nacho si cha kwao kwa asili. Wanakiita kare. Bizari ilitoka Uhindi, Waingereza wakaichukua, nayo ikafika Japani zamani za mfalme Meiji. Mwaka 1872 vitabu vya upishi vya Kijapani vilikwisha kueleza jinsi ya kuupika mchuzi huo. Jeshi lao la majini liliutia katika kitabu cha wapishi wake mwaka 1908, na hata leo mabaharia wa Japani hula kare siku ya Ijumaa.

Mchuzi huu ni mzito, wa rangi ya kahawia, nao huliwa pamoja na wali. Uzito wake watoka katika unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta na bizari. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya Japani huuza mchanganyiko huo ukiwa umeganda, vipande vipande kama chokoleti. Basi wengi hudhani kazi imekwisha: kata nyama, viazi, karoti na vitunguu, chemsha, tia vipande, pakua. Chakula kitalika, ndiyo. Sisi lakini hatukuridhika.

Tulianza na vitunguu. Tunavikata vyembamba, tunavikaanga kwa moto mdogo, tukikoroga nusu saa na zaidi, mpaka viwe vya kahawia. Kazi hii yachosha mkono, lakini hakuna kitu cha dukani kinachotoa utamu kama huo. Wajapani wengine huongeza tofaa lililokunwa, kahawa kidogo au asali. Asali itiwe mapema na ichemke sana, maana ikiwa mbichi huvunja nguvu ya unga, na mchuzi huwa maji. Vipande navyo vitiwe baada ya kuzima moto, viyeyuke polepole. Penye moto mkali unga hufanya madonge.

Sasa tuseme juu ya usiku. Kila mpishi wa kare atakuambia kwamba siku ya pili mchuzi ni mtamu zaidi, nasi twakubali. Kwa sababu hiyo watu huacha sufuria jikoni mpaka asubuhi. Hapo pana hatari! Vijidudu fulani vya nyama na vya udongo wa mboga vina mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Ndani ya mchuzi mzito, chini pasipofika hewa, joto likishuka polepole, huamka na kuzaa upesi, hasa penye nyuzi 43 mpaka 47. Harufu haibadiliki. Kesho nyumba nzima yaumwa tumbo na kuharisha, nao waliosifu chakula hawajui kilichowapata.

Kwa hiyo mchuzi usikae sufuriani. Tunaugawa katika bakuli pana, tunaziweka katika beseni la maji baridi, tunakoroga, kisha tunazitia katika friji. Asiye na friji ale wote siku ile ile. Hatuwezi kumdanganya kwa ajili ya utamu.

Kesho yake tunaurudisha motoni na maji kidogo, tukikoroga mpaka chini, utokote wote wala si pembeni tu. Viazi vimekwisha kulegea, nusu vimeyeyuka mchuzini, na ndivyo watoto wetu wanavyovipenda.