Mpya juu, ya zamani chini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Baada ya futari nimeshika simu nisome habari. Saa nzima imekwenda kwenye ugomvi wa watu nisiowajua na tangazo la magodoro. Kumbe ile blogu ya mapishi ya Lamu ilitoa makala tangu wiki jana, wala sikuletewa. Unajiandikisha kumfuata mtu, halafu wenye mtandao wa kijamii ndio wanaoamua umwone au usimwone! Mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, si uwashe arifa tu?" Nilishaziwasha. Simu ilikuwa ikitetemeka mpaka wakati wa daku.

Jumatano, 5 Machi
RSS, ule mlisho unaokuletea kila makala mpya ya tovuti unayoifuata, bado ipo hai. Wengi waliihesabu marehemu Julai 2013, Google walipokifunga kisomaji chao cha milisho, Google Reader, lakini mlisho wenyewe hauna mwenyewe. Ulianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999, na hadi leo podikasti husafiri juu yake, ingawa wasikilizaji wengi hawana habari.

Nimeweka Feedly, kisomaji cha milisho. Unabandika anwani ya tovuti, nayo inautafuta mlisho. Ikiukosa, jaribu kwa mkono: blogu ya WordPress unaiongezea /feed mwishoni mwa anwani, ya Blogspot, /feeds/posts/default. Mlisho wa ile blogu ya mapishi nimeufungua kwenye kivinjari nione una nini ndani. Maandishi matupu: kichwa, tarehe, kiungo, maelezo, kila kimoja kimebanwa na vialama vya pembe. Hakuna video ya kujicheza yenyewe ikala bando.

Na orodha ina mwisho. Nimesoma, zimekwisha, nimekwenda kulala.

Jumapili, 16 Machi
Kuna tovuti zinazotoa kichwa na mistari miwili basi. Ukitaka zaidi uwafuate kwao, ukapambane na matangazo. Siwalaumu, nao wana mishahara ya kulipa. Nyingine hazina mlisho kabisa. Kinachonikera hasa ni gazeti moja linalomwaga habari za mpira kutwa, hata blogu ndogo zinafunikwa kama dagaa chini ya gunia. Nimelitenga kwenye folda yake, na kuna siku siifungui.

Kwa kweli gazeti kubwa halina haja ya mlisho; habari zake zitakufikia hata ukijificha. Anayefaa kufuatwa hivi ni yule anayeandika mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi mitatu asiandike, halafu siku moja anaibuka na makala ya kurasa kumi kuhusu pweza.

Mpwa kauliza, "Na hii Feedly nayo ikifungwa, mjomba?" Nimemwonyesha: orodha yote inatoka kama faili moja la OPML, unaliingiza kwenye Inoreader au kisomaji kingine, maisha yanaendelea. Faili lenyewe dogo, nimejitumia kwa barua pepe. Sasa anataka nimpangie blogu zote za Arsenal. Nimemwambia achague mbili.