Chuo Kiko Ujiani

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa tarehe 20. Nikarudi nyumbani Majengo, Nairobi, na begi langu, nikidhani ni likizo fupi tu.

Masomo yalipohamia mtandaoni, lalama za kwanza kwenye kundi letu la WhatsApp zilikuwa za bando. Kipindi kimoja cha Zoom kiliweza kumaliza bando la siku nzima, na wenye simu hafifu walikuwa wakiingia na kutoka kama makanga mlangoni mwa matatu. Tukazima video, tukazima maiki, mhadhiri akabaki akiongea na majina yetu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili: ujia katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake. Mtandao ulishika vizuri mwisho wa ujia, karibu na mlango wa uani, hapo hapo majirani wanapopita na karai za nguo. Nikifungua maiki kujibu swali, darasa zima linasikia mtoto akilia na bibi akiuliza, “We, hiyo simu utaiweka chini lini? Njoo upepete mchele.” Kwake yeye, chuo ni mahali mtu anapokwenda. Kijana anayeshinda na simu ni mvivu, basi.

Mei 6 serikali ikafunga mtaa wa Eastleigh, jirani zetu, katikati ya Ramadhani. Misikiti nayo ilikuwa imefungwa, tarawehe tukaswali nyumbani. Nadhani hapo ndipo bibi alipoanza kulegea: ikiwa tarawehe imeswaliwa chumbani, mhadhara una nini? Haikuchukua muda akawa anawazuia wenye karai: “Ngojeni, mjukuu wangu yuko chuo.”

Julai tukasikia habari za maputo ya Loon, yaliyoletwa na Telkom Kenya na kampuni dada ya Google ili kurusha intaneti kutoka angani. Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Sisi tuliendelea na hotspoti ya jirani.

Wanafunzi wenyewe hatukuwahi kuafikiana kuhusu masomo ya mtandaoni. Rafiki yangu wa uhandisi aliyachukia masomo yale mwanzo hadi mwisho. Kuchomelea chuma hakufundishwi kwenye kioo cha simu. Mimi niliipenda mihadhara, nikaogopa mitihani: stima ikipotea katikati ya swali la tatu, shahidi wako nani? Wenzetu waliokuwa na watoto wachanga walitaka mtindo ule ubaki, ingawa sikumbuki kuona wakiulizwa. Aliyenishangaza ni mwenzangu aliyesomea biashara, aliyekuwa akiuza mitumba soko la Gikomba. Alianza kwa kulaani. Kisha akagundua mhadhara uliorekodiwa unaweza kusikilizwa usiku, kafyu ikishaingia, na nauli ikabaki mfukoni. Tulipoitwa kurudi darasani, wengi walishangilia. Yeye aliuliza nani atamshikia kibanda.