Bahari ya Ndoo Sita

Mtu atakaye kuweka samaki wa maji ya chumvi ndani ya nyumba yake hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: maji yawe kiasi gani? Tajiri hulijibu kwa kutazama upana wa sebule. Mwenye mfuko mwepesi hutazama mfuko, akachagua chombo kidogo kuliko vyote, akidhani kuwa kidogo ndicho rahisi. Nataka kueleza kwa nini mimi, mwalimu wa Kiswahili niishiye kwa mshahara, sikuchagua kidogo, na kikubwa sikukiweza.

Haja yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yangu. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikwenda pwani ya Mwambani, kusini ya mji wa Tanga, kila bamvua, kutafuta pweza mwambani wakati wa maji kupwa. Sasa miguu imemkataa. Anakaa nami Ngamiani, ambako harufu ya bahari hufika kwa hiari ya upepo, na neno alilolirudia mwaka mzima ni kwamba hana hamu ya kumla samaki. Ana hamu ya kumwona anavyokwenda.

Fundi wa vioo alinipa bei za vyombo vitatu: cha lita 20, cha lita 120 na cha lita 300. Cha kwanza ningalikilipa siku ile ile. Cha tatu kilikuwa sawa na karo ya binti yangu, na hapo shauri lilikwisha lenyewe. Basi ugomvi ulibaki baina ya 20 na 120.

Maji ya bahari huwa na chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila lita. Jua na upepo huchukua maji, chumvi hubaki. Chombo chenye kina cha sentimita 20 kikipungua sentimita 2, chumvi hupanda hata karibu gramu 39. Chenye kina cha sentimita 34 kikipungua vivyo hivyo, haipiti 37 kwa mengi. Tofauti hiyo hufutwa kwa kuongeza maji baridi yasiyo chumvi kila asubuhi, na mtu mwangalifu aweza kuishi nayo. Lililo zito zaidi ni uchafu. Kinyesi cha samaki na chembe ya chakula iliyosahauliwa huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu; na sumu ile ile katika lita 20 huwa kali mara sita kuliko katika lita 120. Chombo kidogo humwua samaki usiku mmoja, mwenyewe amelala. Kikubwa humpa mwenyewe siku mbili tatu za kutambua kuwa pana jambo.

Mama alilijua hilo pasipo hesabu. "Mwanangu," aliniambia, "kidimbwi cha kiganja usikitazame adhuhuri, aliyemo amekwisha kufa. Kile cha kufika magotini, humo ndimo wanamongojea maji kujaa." Nimesoma vitabu vingi ambavyo havikunifunza kwa maneno machache hivyo.

Fedha zilizozidi kwa chombo cha lita 120 ilinibidi kuzitafuta mahali pengine. Wafugaji wakaao mbali na pwani hununua chumvi maalumu na kuikoroga. Sisi bahari i mlangoni. Ndoo sita za lita 20 zatosha kujaza, na kila juma ndoo moja isiyojaa, lita 12, hutosha kubadili sehemu ya kumi. Ila maji hayachotwi popote. Karibu na bandari sichoti, na wakati wa masika sichoti upande wa mto Zigi, kwa kuwa mto huipunguza bahari chumvi. Huchota maji yakijaa, penye mawimbi safi. Kipasha moto hakihitajiki pwani hii. Kinachohitajika ni kivuli. Meza sikununua, kwa sababu maji hayo peke yake ni kilo 123, nami nikajenga kizingiti cha matofali. Chombo nilikitaka kirefu na kipana kuliko kuwa kirefu kwenda juu: msukumo wa maji juu ya kioo hufuata kina, hivyo kioo cha wastani hutosha, na uso mpana huvuta hewa zaidi umeme ukikatika. Nao hukatika.

Mawe yalinipa fikira. Uingereza, baada ya Philip Gosse kutoa kitabu chake juu ya vyombo vya samaki mwaka 1854, watu walishikwa na wazimu wa pwani. Nusu karne baadaye, mwaka 1907, mwanawe Edmund aliandika kwa majuto jinsi vidimbwi alivyovijua utotoni vilivyoporwa. Pwani ya Tanga imekwisha kupigwa baruti vya kutosha. Sikutaka kuongeza mkono wangu, hata wa kuchukua jiwe moja lililo hai. Nilitwaa vipande vya matumbawe ya kale kutoka ukuta ulioanguka wa nyumba ya babu, nikavisugua chokaa.

Wapo waniulizao kwa mzaha kama nitamweka silikanti. Samaki huyo, ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika majarife mwaka 2004 na ambaye kwa ajili yake hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2009, hukaa penye kina cha zaidi ya mita 100. Hata majumba makubwa ya samaki duniani hayajaweza kumfuga.

Sasa ni juma la nne. Maji yamo, mawe yamo, samaki hayumo, maana vijidudu vilavyo amonia huchukua majuma kadhaa kujijenga. Mama amegeuziwa kitanda aelekee kioo, na huyatazama maji matupu. Mimi nataka samaki wadogo wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Yeye anataka tasi. Nimemweleza kuwa tasi hukua, atazidi lita 120.

"Akikua," amesema, "utampakia katika ndoo ile ile uliyoletea maji."