Kuteremka Mai Mahiu kwa Gari la Umeme

Wengi wetu tunalijua kanisa dogo la Mai Mahiu kwa kulipita tu. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile ya Bonde la Ufa. Safari hii tulikwenda kuomba ndani yake, akina mama wanne kutoka Nairobi, kwa Nissan Leaf iliyokwisha kutumika Japani.

Maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, lakini tarakimu husomeka. Tuliondoka ikionyesha kilomita 130 za chaji. Kufika Limuru, baada ya kilomita 30 hivi za kupanda, zilibaki 72. Mwenzetu mmoja akataka turudi. Mama aliyekuwa akiendesha, naye hapendi mzaha barabarani, akatueleza kuwa tarakimu ile hukisia kwa mwendo uliopita. Haioni mteremko ulio mbele. Ni kama kipimajoto: husema homa ilivyo sasa, si itakavyokuwa usiku. Na kweli, tukiteremka mota iligeuka jenereta, ikarudisha umeme kwenye betri. Chini tukasoma 88.

Redio haikutufaa. Ile ya Kijapani iliishia 90 FM, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Tukaimba wenyewe, wala hatukuona hasara.

Kupanda tena ndiko kulikotunyamazisha. Tulizima kipoza hewa, tukajivuta nyuma ya malori, macho yote kwenye dashibodi. Limuru ilisema 36. Nyumbani tulifika na 24, watoto hawajalala.