Mafuta ya Bwati: Tubadilishe au Tuache?



Juma hili tunazungumza juu ya gari ya chama. Wengi wenu mmetuuliza sokoni na baada ya mkutano: je, ni kweli komite imetoa makuta ya akiba mara tatu kwa kununua mafuta ya bwati? Ndiyo, ni kweli. Tunafurahi kuwaeleza sababu, maana gari ni yetu sote. Tena wengi kati yetu wana gari nyumbani, ya bwana au ya biashara, ambayo imezeeka kama hii.

Mnaijua vizuri. Ni Noah iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, usukani upande wa kuume, vitesi vya otomatiki. Konteri yake inasoma kilometa 287,000. Siku ya tatu na siku ya posho inaleta makabichi, viazi na maharagi kutoka Mudaka hadi soko la Kadutu. Usiku inaamshwa mama mwenzetu akishikwa na uchungu wa kuzaa. Hatuna nyingine.

Mwanzoni mwa mvua shoferi alituambia: "Wamama, gari inakawia kukamata. Asubuhi nikitia D, inafikiri kwanza. Na kwenye mlima inabadili vitesi kwa kishindo." Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Wa kwanza alisema: badilisheni mafuta yote ya bwati, leo hii, kwa mashine ya kusukuma. Wa pili alisema: msiguse! Bwati ikizeeka na mafuta yake, ukiyatoa inakufa palepale. Wa tatu alitaka tununue bwati ya mtumba, na bei yake ingemeza akiba yetu ya mwaka mzima. Katika garaji moja walituuliza kwanza mwanaume wa kuzungumza naye yuko wapi. Tuliondoka pale, tukatafuta fundi anayekubali kuulizwa maswali.

Swali la kwanza tulilomuuliza lilikuwa hili: mafuta yenyewe yanafanya kazi gani? Katika bwati ya otomatiki, mafuta si ya kulainisha tu kama katika moteri. Hayo ndiyo yanayopokea nguvu ya moteri na kuipeleka kwenye bwati. Ndiyo yanayosukuma na kubana zile sahani za ndani ili vitesi vishike. Tena ndiyo yanayobeba joto na kulipeleka nje likapoe, mara nyingi ndani ya radiateri. Gari ikipanda mlima na mzigo, joto hilo linazidi, na milima ya Bukavu sisi hatuwezi kuiondoa.

Kila mama aliyekaanga mandazi anajua kinachofuata. Mafuta ya kukaangia ukiyatumia siku nyingi, yanageuka meusi na harufu yake inabadilika. Ya bwati ni vilevile. Yakiwa mapya ni mekundu, na unaona ng'ambo kama juisi. Yakichoka yanakuwa ya kahawia. Yakiungua yanakuwa meusi na yananuka moshi.

Basi, yule anayesema "msiguse" ana sababu? Fundi alitujibu kwamba woga huo una mzizi wake. Watu wengi hawafikirii mafuta ya bwati mpaka gari inaanza kuteleza kabisa. Wanayabadilisha siku hiyo, na juma linalofuata gari inasimama. Wanasema mafuta mapya yameiua. Kumbe zile sahani zilikuwa zimekwisha kulika zamani, na unga wake uliokuwa ukielea katika mafuta ya zamani ulikuwa bado unasaidia kidogo kushika. Mafuta mapya hayarudishi kitu kilicholika. Ndiyo sababu mashine ya kusukuma kwa nguvu nayo ni ya kuogopwa kwa gari ya umri huu: inaweza kung'oa uchafu uliolala na kuupeleka kwenye vinjia vyembamba vya ndani.

Kwa hiyo hatukuamua kwa maneno ya watu. Tuliamua kwa kuangalia mafuta yenyewe. Gari ikiwa imepata joto, imesimama mahali tambarare, moteri ikizunguka na breki imekanyagwa, shoferi alipitisha mkono wa vitesi polepole kutoka P hadi mwisho, akarudi kwenye P. Kisha fundi akavuta joje, kile kifimbo cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Mafuta yalifika kati ya alama za moto, kwa hiyo hayakupungua. Tuliyapaka kwenye kitambaa cheupe. Rangi ilikuwa ya kahawia, kama chai kali. Tulinusa: yamechoka, lakini hayanuki kuungua. Hayakuwa pia na rangi ya maziwa, ambayo ingekuwa alama kwamba maji ya radiateri yameingia ndani.

Tukamwomba afungue karteri ya chini mbele yetu. Huko ndani kuna sumaku ndogo zinazokamata vipande vya chuma. Wamama wanne wa komite tuliinama kuangalia, maana akiba ya mwaka ilikuwa juu ya sumaku zile. Zilikuwa na matope laini ya kijivu, kama majivu yaliyochanganywa na mafuta. Hakukuwa na kipande cha chuma hata kimoja. Fundi alisema matope hayo ni ya uzee wa kawaida. Vipande vingetuambia tuanze kutafuta bwati nyingine. Akazisafisha, akaweka filtri mpya na gaskiti mpya.

Sasa, kwa nini mara tatu? Ukifungua chini, mafuta hayatoki yote. Mengi yanabaki ndani zaidi na katika mipira ya radiateri. Kwetu zilitoka lita tatu na nusu, na bwati nzima inabeba karibu lita saba. Fikirieni bidoni ya maji ya matope: ukimwaga nusu na kujaza maji safi, bado nusu ni matope. Ukimwaga nusu tena, matope yanabaki robo. Mara ya tatu, yanabaki sehemu moja ya nane. Ndivyo tulivyofanya. Kila mara tulipima kilichotoka na kurudisha kipimo kilekile, na kati ya mara moja na nyingine gari ilifanya kazi yake majuma mawili. Kwa njia hii bwati inazoea polepole, na kama hali inaharibika unaiona kabla ya kumaliza makuta yote.

Aina ya mafuta ni neno la kushikilia kabisa. Kwenye joje ya gari yetu imeandikwa T-IV, basi tulinunua T-IV. Nyingine zinataka Dexron, nyingine WS, na zile zenye bwati ya CVT zina mafuta yao peke yake. Ukikosa maandishi, tazama kitabu cha gari. Mtu akikuambia "mafuta yote mekundu ni sawa", au akitaka kutia ya moteri, chukua ufunguo wako uende. Na bidoni iwe imefungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako.

Matokeo ni haya. Kile kishindo cha mlimani kimekwisha. Asubuhi ya baridi gari bado inakawia kidogo kukamata D, na fundi ametuambia wazi kwamba hiyo ni alama ya sehemu zilizolika, haitaondoka. Hatukununua ujana wa gari. Tumenunua muda, na wakati huo tunaweka kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya siku ambayo bwati itachoka kweli.

Shoferi naye amekubali masharti manne. Asitie R au D kabla gari haijasimama kabisa. Akisimama katika mlima, aishike kwa breki, si kwa kukanyaga esansi. Asiteremke kwa N kwa kusema anapunguza esansi, maana breki zinabeba uzito wote peke yake. Na akiwa na mzigo kwenye mlima mkali, atumie 2 au L. Kwetu sisi lipo sharti moja: kutopakia magunia kupita nguvu ya gari, hata muuzaji akibembeleza.

Yale mafuta ya zamani tuliyatia katika bidoni, na fundi aliyahifadhi. Hatukuyamwaga katika mfereji. Maji ya mifereji yetu yanateremka ziwani, na ziwani ndiko zinakotoka sambaza tunazowapikia watoto.

Wamama, kitu cha wengi mara nyingi hakina macho. Kila mmoja anafikiri mwenzake ameangalia. Kwa hiyo tumefungua daftari ya gari, inayokaa kwa mama keshia: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, aina ya mafuta na bei. Kila siku ya kwanza ya mwezi wamama wawili, kwa zamu, wanavuta joje pamoja na shoferi na kuandika rangi na kipimo. Haihitaji masomo. Inahitaji kitambaa cheupe, macho na pua.

Zamu ya mwezi ujao bado haina majina. Anayetaka kujifunza amwambie mama keshia baada ya mkutano wa siku ya tano, na aje na kitambaa chake.