Tiketi Mkononi: Siku Nne za Jidda

Mbele ya Nyumba ya Nasif, katika mji wa kale wa Jidda uitwao Balad, umesimama mwarubaini mkubwa ambao wenyeji husema hapo zamani ulikuwa ndio mti pekee wa mji mzima. Chini ya mti huo niliketi na mama yangu na wifi yangu, saa tano za asubuhi, siku ambayo tulipaswa kuwa angani tukirejea nyumbani. Mama aliokota jani lililoanguka, akalinusa, akasema, "Huu ni wa kwetu huu." Kisha akauliza, kwa mara ya tatu asubuhi ile: "Sasa hao watu wa ndege wamesemaje?"

Hawakuwa wamesema kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Tulikuwa wanne, pamoja na kaka yangu. Umra ya Rajabu ilikuwa imetimia, Madina tumekwisha kuzuru, tende zimefungwa, na maji ya zamzam yamepakiwa vizuri. Usiku wa kuamkia safari, simu ya kaka ilipokea ujumbe wa mistari miwili: shirika limesitisha safari zake zote kuanzia usiku huo, na abiria wanashauriwa wasiende uwanjani. Jina la shirika silitaji. Lilikuwa dogo, la ng'ambo, lenye nauli za kuvutia. Limekwisha kufa, na maiti hasemwi.

Kaka hakuamini, akaenda uwanjani. Alirudi saa mbili baadaye na habari ya kaunta tupu, taa zimezimwa, na familia kadhaa zimeketi juu ya mizigo yao, watoto wamelala sakafuni. Hakukuwa na wa kumuuliza, kwa sababu wafanyakazi waliokuwa wakihudumia kaunta ile walikuwa wa kampuni nyingine iliyokodiwa, nayo haikuwa imelipwa. Ushauri ule wa kutokwenda uwanjani, basi, ndio neno pekee la kweli tulilopata kutoka kwao.

Kwa kuwa tulikuwa na siku za kungoja, tulitembea. Balad iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, miaka 13 baada ya Lamu yetu, na mtu wa Mji wa Kale Mombasa hawezi kupotea pale. Nyumba ni za mawe ya matumbawe, vichochoro ni vyembamba vya kuvuta upepo wa bahari, na madirishani kumejengwa vizimba vya mbao vilivyochongwa kwa nakshi, ambavyo mwanamke huweza kukaa ndani yake akaona njia bila ya yeye kuonekana. Wao huviita rawashin. Sisi twasema roshani. Upo pia Msikiti wa Shafii, wenye jina la imamu wa madhehebu yetu. Mama aliswali rakaa mbili humo, akatoka uso umekunjuka kidogo. Mimi nilikuwa nikihesabu vidonge vyake vya sukari: vilibaki vya siku mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa makini tiketi ni kitu gani hasa.

Tumezoea kuiona tiketi kama bidhaa: nimelipa, nimepata. Kumbe ukinunua tiketi leo ya safari ya miezi mitatu ijayo, hujapata chochote bado. Umelikopesha shirika fedha zako, nalo limekuahidi kiti. Fedha hizo hazikai kando kama amana zikikungoja. Aghalabu zimekwisha kununua mafuta ya ndege iliyoruka jana. Shirika likifilisika, wewe ni mdai miongoni mwa wadai, na tena mdai asiye na rehani. Benki iliyokopesha kwa rehani hutangulia. Wenye ndege, kwa kuwa mashirika mengi hukodi, huja kuzichukua ndege zao. Wafanyakazi wana mishahara yao, serikali ina kodi yake. Abiria yupo nyuma kabisa ya safu, na mara nyingi mfuko humalizika kabla hajafikiwa. Neno lenyewe, kufilisika, asili yake ni iflas ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa fulusi: mtu aliyebakiwa na sarafu za thamani ndogo, au hata hizo hana.

Yaliyotupata si mageni. Wazee wetu wanaikumbuka East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Walio wadogo kidogo wanaikumbuka Jetlink, iliyokuwa ikiruka baina ya Nairobi na Mombasa, Kisumu, Eldoret na Juba. Novemba 2012 ilisimamisha safari zake, ikieleza kwamba zaidi ya dola milioni 2 zake zimekwama Sudan Kusini, ambako fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika. Abiria wa Mombasa hana habari na benki za Juba, lakini kiti chake kilipotelea huko.

Kisa ninachokiona kuwa darasa zaidi ni cha Jet Airways ya India, ambayo wagonjwa wengi wa pwani yetu waendao kutibiwa huko walipata kuipanda. Ilikuwa na ndege zaidi ya 100. Haikuanguka kwa siku moja. Kwa miezi kadhaa marubani walikuwa wakidai mishahara. Wenye ndege wakazizuia moja baada ya nyingine. Safari zikafutwa leo mbili, kesho kumi. Mapema Aprili 2019 ndege yake kubwa ilizuiwa Amsterdam na mdai wa huduma za mizigo, na siku chache baadaye safari za nje zikasimama. Usiku wa tarehe 17 Aprili iliruka ndege ya mwisho, kutoka Amritsar kwenda Mumbai. Kukawa na mipango ya kuifufua, wawekezaji wakaja na ahadi, na mwishowe, Novemba 2024, Mahakama Kuu ya Juu ya India ikaamuru mali yake iuzwe wagawiwe wadai. Ni zaidi ya miaka mitano. Aliyekuwa akingoja nauli yake, ajihesabie mwenyewe.

Ninalotaka lionekane hapo ni kwamba dalili zilikuwa hadharani. Anayesikia kwamba marubani hawajalipwa, kwamba safari zinaunganishwa na kufutwa bila sababu ya hali ya hewa, kwamba ofisi ya mjini imefungwa ghafla, na papo hapo nauli za msimu ujao zimeshushwa kuliko za kila mtu, asikimbilie nauli hiyo. Shirika lenye njaa ya fedha huuza rahisi. Sisi wenyewe tuliiona ile nauli tukasema ni riziki.

Hata hivyo, si kila tangazo la kufilisika ni kifo, na hapa watu wengi huhamaki kabla ya wakati. Marekani ina sheria inayoliruhusu shirika kujikinga na wadai wake mahakamani huku likiendelea kuruka. United iliingia humo mwaka 2002, Delta mwaka 2005, American mwaka 2011, na yote matatu yapo mpaka leo. Shirika la Afrika Kusini liliwekwa chini ya wasimamizi wa uokoaji Desemba 2019, likasimama, kisha likarudi angani Septemba 2021. Kwa hiyo ukisikia habari za mahakamani ilhali ndege bado zinaruka, usikimbilie kuifuta tiketi yako mwenyewe. Ukiifuta wewe, umeacha haki yako kwa hiari, na utabaki na masharti ya tiketi ya bei rahisi, ambayo aghalabu hairudishi kitu. Shirika likifuta lenyewe, dai ni lako.

Na wapo wenye kinga ambayo sisi hatuna. Thomas Cook ya Uingereza, kampuni ya miaka 178, ilipoporomoka alfajiri ya tarehe 23 Septemba 2019, ilikuwa na wasafiri wa Kiingereza wapatao 150,000 nje ya nchi. Serikali yao ilikodi ndege ikawarudisha kwa muda wa majuma mawili, na walionunua safari kamili, yaani ndege na hoteli kwa pamoja, walirejeshewa fedha kutoka katika mfuko wa ulinzi uliowekwa kwa sheria ya nchi yao. Kinga hiyo hufuata mahali na namna tiketi ilivyouzwa, haifuati huruma. Mimi na wewe tunaonunulia Mombasa hatumo.

Kinachobaki kutulinda ni njia tuliyolipia. Hili nililifahamu Jidda, na kwa uchungu, kwa sababu katika kundi letu dogo njia zilikuwa mbili.

Kaka alikuwa amelipa tiketi yake, ya mama na yangu kwa kadi ya benki, moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika. Alipiga simu benki palepale hotelini, akaambiwa aandike dai kwamba huduma iliyolipiwa haikutolewa, aambatishe tiketi na ule ujumbe wa mistari miwili. Yapo masharti na muda wa kikomo, lakini mlango upo: benki humdai aliyelipwa kwa niaba ya mwenye kadi. Baada ya wiki saba fedha zilirudi, kwa sehemu ya kurudi tu, kwani ile ya kwenda tuliitumia.

Wifi yangu ni mjane, naye hana kadi. Kwa miaka mitatu ameamka kabla ya alfajiri kuchoma mahamri, na alikuwa akimtumia msimamizi wa safari kidogo kidogo kwa M-Pesa, leo elfu mbili, wiki ijayo elfu moja. Yule msimamizi hakumdhulumu. Alinunua tiketi ya kweli, na risiti anayo. Lakini M-Pesa huweza kuomba kurejesha fedha iliyotumwa kwa makosa; haina njia ya kurejesha malipo uliyoyakusudia, yakapokewa, kisha bidhaa ikakosekana. Msimamizi naye alikuwa amekwisha kulilipa shirika. Fedha zake zilikuwa zimepita mikono mitatu, na hakuna mkono uliokuwa nazo.

Simlaumu aliyelipa kwa njia aliyokuwa nayo. Nasema tu kwamba katika jamaa aghalabu yupo mmoja mwenye kadi, na mwenye kukusanya kidogo kidogo aweza kukusanya kwake, kisha tiketi ikalipwa mara moja kwa kadi, karibu na siku ya safari. Na akilipa kwa wakala, awe wakala anayetambulika, aulizwe tiketi imetolewa au imeshikiliwa tu. Tiketi iliyotolewa ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Ile nambari fupi ya herufi na tarakimu sita ni ya kuwekewa nafasi, si tiketi. Bima ya safari nayo isomwe, au asomewe asiyejua kusoma masharti: nyingi hulipa mzigo uliopotea na maradhi, na hunyamaza kuhusu shirika kufilisika. Yetu ilinyamaza.

Siku ya pili tuliingia duka la dawa karibu na hoteli. Mama alikuwa na barua ya daktari wake wa Mombasa, yenye jina la dawa lenyewe na si la kampuni, na hiyo karatasi moja ndiyo iliyotuvusha. Tangu hapo hatoki nyumbani bila ya dawa za wiki mbili za ziada. Viza zetu zilikuwa bado na siku. Hotelini walikuwamo watu kutoka nchi nyingine ambao zao ziliisha kesho yake, na nilimwona baba mmoja akizunguka na pasipoti za watoto wake watano, asijue aanzie ofisi gani.

Shirika jingine lilitangaza nauli ya nafuu kwa wenye tiketi za lile lililokufa. Huo ni ukarimu wa kibiashara na si wajibu, nafasi huwa chache, na lazima uonyeshe tiketi yako ya zamani, kwa hiyo aliyekuwa ameifuta kwa hasira alikosa. Tulipata viti vinne vya siku ya nne. Kaka alilipa vyote kwa kadi yake, cha wifi pia, na wifi akasisitiza kwamba hilo ni deni na aliandike. Aliandika.

Usiku wa mwisho tulikwenda ufukweni. Upepo ulikuwa kama wa Mama Ngina, na wauza mahindi walikuwa wamejipanga vilevile. Wifi alinunua kanga ya mahindi, sijui kwa nini mahindi ya kuchoma yalimchekesha, akacheka mpaka akafuta machozi, nasi tukamwacha.

Mwaka uliofuata ilimfikia barua kutoka kwa mfilisi wa lile shirika, imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Kijana wa jirani alimtafsiria: dai lake limepokelewa, limepewa nambari, na atajulishwa. Ameiweka kashani pamoja na tiketi. Deni la kaka alilimaliza mwezi wa Shaabani uliopita, kwa mahamri.